Nilimuoza Binti Yangu kwa Mume Asiyekuwepo

(Barua hii imetufikia kutoka Malindi. Jina la mwandishi tunabaki nalo sisi, na majina mengine yote ameyabadilisha mwenyewe.)

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu, na kazi yangu ni kushona mabuibui nyumbani kwangu hapa Malindi. Nasema mapema kwamba mimi si mwongo kwa tabia. Ulimi wangu ni mwepesi, hilo nakubali, lakini uongo niliousema mwaka jana ulinitoka mara moja tu, na hadi leo nimeshindwa kuurudisha.

Binti yangu wa kwanza, nimwite Fauzia, alikuwa na miaka kumi na saba alipoanza kuniponyoka. Aliacha shule, akapata marafiki wa kwenye mahoteli, akaanza bangi, kisha vidonge. Baba yake alimpiga, akamfungia ndani, naye akatorokea dirishani. Mara ya tatu alipotoroka aliokotwa ufukweni hajitambui. Afisa wa watoto ndiye aliyetutafutia nafasi katika nyumba moja ya kurekebisha wasichana, upande wa Tezo, ambako huishi na kutibiwa kwa miezi kadhaa. Tulimpeleka alfajiri ili mtu asituone.

Kesho yake jirani yangu, Bi Rehema, aliingia kuchukua buibui lake.

"Shoga, mbona Fauzia simuoni?"

Nikiwa na uzi mdomoni nikamjibu, "Fauzia tumemuoza. Kaolewa Tanga, na mtoto wa mjombake."

Nilidhani nimesitiri. Bi Rehema alinuna kwa kutoalikwa, lakini Ijumaa akaja na wenziwe, wakaleta sukari, udi, vikombe na doti mbili za leso. Wakapiga vigelegele uani kwangu. Nami nikapiga, tena changu kilikuwa kirefu kuliko vyote! Wakauliza jina la bwana harusi, nikawapa: Swaleh.

Sasa nyumba ile ya Tezo ina utaratibu wake. Msimamizi wake ni Mgiriama wa makamo, tunamwita Mama Kadzo. Siku ya kwanza alituambia mimi na mume wangu: "Hapa mtoto hatibiwi peke yake. Kila baada ya wiki mbili mtakuja Jumamosi, mlale, mpike naye, tukae tuzungumze. Tukimrudisha kwenye nyumba ile ile, na nyinyi mko vile vile, ataanguka tena."

Mume wangu alikwenda mara mbili, akaangalia viatu vyake, akasema hana la kuzungumza na watoto. Mimi sikukosa hata siku moja. Majirani niliwaaga kwamba naenda Tanga kwa wakwe wa Fauzia, nao wakanipa salamu nimpelekee Swaleh.

Wallahi nimejifunza mengi kule. Siku moja tukiwa kikaoni Fauzia aliniambia, "Mama, kila nikitaka kukwambia lililonisibu, wewe waniambia nyamaza, watu watasikia." Nililia mpaka ushungi ukalowa, kwa sababu ni kweli. Tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza bila kumkatiza, kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Taratibu akarudi kula vizuri, akacheka, na jioni moja akalaza kichwa mapajani mwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Mwezi huu Mama Kadzo amesema Fauzia yuko tayari kurudi nyumbani mwisho wa mwezi ujao. Nilifurahi kwa dakika tano, kisha nikajiuliza: atarudi kama nani? Mume wangu akapata jawabu upesi.

"Tuseme kaachwa. Talaka si aibu, nani mtaani hapa hajaachwa? Tena atakaa eda miezi mitatu ndani, hatoki, hakutani na wale wahuni wake."

Mimi nami niliona ni busara, nakiri. Nikaenda nayo Tezo nikiwa na furaha tele.

Fauzia alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama, huyo mume wangu aitwa nani?"

Niliona haya kumjibu, kwa kuwa jina nilikuwa nalo.

Akasema, "Miezi tisa nimekaa hapa najifunza kusema yaliyonipata. Nimeyasema mbele ya wasichana kumi na wawili. Leo waja kunifundisha kuficha? Ukiwaambia watu nilikokuwa, ntakuja. Usipowaambia, ntakwenda Mombasa kutafuta kazi, nawe usinitafute." Mama Kadzo naye alisema kwa upole kwamba kumfungia ndani tena, iwe kwa jina la eda au jina lolote, ni kumrudisha pale pale tulipomtoa.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Siku utakayofungua mdomo wako, na wewe utakwenda kwenu." Kwa miaka ishirini ya ndoa hajawahi kunitamkia neno hilo. Naogopa, siwezi kudanganya. Lakini mwanangu namjua. Akiwa Mombasa peke yake, vidonge vitampata kabla ya hiyo kazi. Na wiki iliyopita Bi Rehema kaniletea nguo za kichanga, asema mwaka haupiti bure kwa bibi harusi. Nimezipokea na kusema ahsante.

Haya yote nimeweza kuwaambia nyinyi maelfu ya wasomaji msionijua, na jirani niliyepakana naye ukuta mmoja nashindwa. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na kama yupo kati yenu aliyewahi kubisha hodi kwa jirani kusema jambo kama hili, tafadhali aniambie alianza na neno gani.