Aliyetutaka Tunyooshe Mikono

Habari ilinikuta Kagongwa, nimeinama juu ya gunia la mchele nikiunusa. Mama muuzaji, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, aliniambia bila kuacha kupima: "Nyosheni amefariki. Wanamzika kesho kwao, Kishapu." Kisha akageuka ghafla kutazama nyuma yake, kama mtu aliyeguswa begani. Hapakuwa na mtu. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, mimi si wa kuacha mchele wa Kagongwa, lakini siku ile niliuacha nikaondoka.

Nyosheni lilikuwa jina la utani, na alilitafuta mwenyewe. Alikuwa msemaji wa umoja wa wenye mitambo na wakandarasi wa migodi huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita. Kazi yake ilikuwa kuvaa suti, kwenda Dodoma na kuwashawishi wakubwa ili kanuni za vyama vya wafanyakazi ziwe vile waajiri wanavyotaka. Hoja yake ilikuwa moja: chama kisitambuliwe kazini mpaka wanaokitaka wanyooshe mikono hadharani, mbele ya mwajiri. Watu wa vyama walitaka kura ya siri. "Kwani wanaficha nini, mwandishi?" alikuwa akiniuliza huku anacheka. "Mimi nikitaka chai nasema nataka chai." Tulibishana mara nyingi mpaka hiyo chai ikapoa. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na nilimpenda, siwafichi.

Siku moja alinichukua nikajionee. Tulifika kwenye mtambo mmoja, wakazima karasha lililokuwa likisaga mawe, wafanyakazi wakajipanga uani na mabuti yao, meneja akasimama kwenye ngazi. Nyosheni akasema kwa ile sauti yake nzuri: "Anayetaka chama, anyooshe mkono." Jamani, nimekaa misiba mingi, lakini kimya kile sijawahi kukisikia. Hakuna aliyekohoa. Kila mtu alitazama mabuti yake. Halafu nyuma kabisa ukapanda mkono mmoja, wa mwanamume mrefu, Msukuma wa Kishapu kama yeye. Hakumtazama meneja, alimtazama Nyosheni. Meneja akasema kwa upole, "Shusha, tumekuona." Hakushusha. Karasha likawashwa, watu wakarudi kazini, sisi tukapanda gari, na nilipogeuka mkono ulikuwa bado juu. Haikuchukua muda nikasikia yule bwana hakuongezewa mkataba, amerudi kwao kulima pamba. Dodoma wakaelezwa kwamba wafanyakazi wa pale hawataki chama.

Sijui nianzie wapi kueleza yaliyofuata bila kuonekana mpiga ramli. Tulikuwa kwenye kikao cha waajiri pale Geita, mchana, jua linawaka madirishani. Nyosheni alikuwa anahutubia, mara akakatiza. Akaninong'oneza, maana nilikaa karibu: "Yule kule nyuma anataka kuuliza swali. Mbona mnamwacha na mkono juu?" Nikageuka. Kulikuwa na ukuta na viti vitupu. Tangu hapo alianza kukwepa mikutano, akaacha hata kwenda kanisani. Nilipomtembelea akiwa mgonjwa hakucheka tena. Aliniambia, "Haushuki, ndugu yangu. Nimemwambia tumekuona, haushuki."

Kishapu nilikuta watu wengi kuliko nilivyotarajia. Waajiri walikaa mbele, wafanyakazi wakasimama nyuma kwenye vumbi, na kati yao nilimwona yule mrefu. Sanduku lilipokwisha kuteremshwa, mjane alimzuia katekista akasimama mwenyewe. "Mume wangu aliacha neno," alisema. "Alitaka kujua kama mmemsamehe, na alisema nisiwaulize kwa kunyoosha mikono. Wote tugeuke, tulipe kaburi mgongo. Kila mmoja apite peke yake. Aliyemsamehe atupe udongo. Ambaye hajamsamehe apite tu. Alisema, atasikia mwenyewe."

Katekista alisita, akageuka. Wakubwa wa suti wakageuka. Tukabaki tunatazama mashamba, na nyuma yetu watu wakaanza kupita. Udongo wa kwetu una kokoto, ukigonga sanduku unasikika vizuri. Hatua, kisha kishindo kidogo. Hatua, kishindo. Halafu hatua, na kimya. Loo, kimya kile! Nilikifahamu, ni kile kile cha uani, ila safari hii kilikuwa kinasema. Vishindo vilikuwa vingi, na vimya navyo havikuwa vichache. Mtu mmoja alisimama pale muda mrefu sana, kisha akaondoka bila sauti yoyote, na nilimwona mjane, aliyekuwa mbele yangu, akiinamisha kichwa. Niliogopa, nikasikitika pia.

Tunapenda sana mikono sisi. Kwenye vikao vya shule, vya mtaa, vya harusi, mwenyekiti anauliza nani anapinga, watu wanatazama viatu vyao, na tunaandika kwamba wote waliafiki. Kanuni zinaweza kubishaniwa miaka na miaka, na wenye suti wataendelea kwenda Dodoma, lakini mtu anayeshikiliwa ugali wake hawezi kukujibu huku unamtazama. Rafiki yangu alilijua hilo akiwa amechelewa, na jibu la kweli la watu wake alilipata akiwa chini.

"Sasa najua, shemeji," mjane aliniambia tulipoagana. "Wangemsifu wote, nisingelala." Yule mrefu alikuwa anaondoka kwa njia ya mashambani, mikono yote miwili mifukoni, na sikumfuata kuangalia kama ina vumbi. Nami nilipita pale kaburini, wasomaji wangu. Msiniulize kama nilitupa udongo.