Mkunga Aliyekataa Kunizalisha

Akina mama wenzangu mlioketi hapo kwenye mabenchi ya kliniki na matumbo yenu, asalaam alaikum, na wale wa kanisani, Bwana asifiwe. Nyumba yangu ina dini zote mbili, kwa hiyo nimezoea kusalimia mara mbili. Naitwa Zaitun. Nashona sare za shule hapa hapa Nateete. Hajati Sauda, mkunga wetu, ndiye aliyeniomba niseme nanyi leo, na sasa amejificha pale kabatini eti anapanga glavu. Hajati, tunakuona.

Zamani nilikuwa mwanamke wa majivuno. Mtoto wangu wa kwanza, Rahma, nilimzalia kwenye kitanda kile nyuma ya pazia. Niliingia asubuhi, saa sita mchana nilikuwa nakunywa chai. Mama yangu alizaa saba bila kuguswa na kisu. Nikisikia fulani amepasuliwa nilisema, "Huyo hakuzaa, alitolewa." Neno hilo nililisema kwa mdomo huu huu, na wapo niliowaumiza. Wanisamehe.

Mimba ya pili ilikuja na tumbo lisilo na adabu. Mwezi wa tano lilikuwa kama la mwezi wa nane. Miguu ilivimba hadi viatu vikanikataa, nililala nimekaa, na nikipiga chafya mkojo ulinitoka. Hajati akanituma skani. Mapacha, wasichana wote wawili! Mume wangu Otim ni dereva wa jeshi kule Mbuya, mtu wa kaskazini. Kwao majina ya mapacha huwa tayari: msichana anayetangulia ni Apio, anayefuata ni Acen. Siku hiyo hiyo alianza kuwaita kwa majina akiwa ameweka mdomo kwenye kitovu changu.

Mwezi wa nane ulipoingia, Hajati alinipeleka hospitali ya rufaa. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, kijana kuliko mimi. Alitazama skani, akakunja ngumi mbili, moja juu ya nyingine.

"Mama, huyu wa mbele amekaa kitako mlangoni. Aliyeinamisha kichwa ni huyu wa nyuma yake." Akavuta ngumi ya chini, vifundo vikanasana. "Wa kwanza akitoka matako mbele, kidevu chake kinaweza kukwama kwenye kidevu cha mwenzake. Ni nadra sana. Lakini ikitokea, muda hatuna."

"Nikisukuma kwa nguvu?"

"Si suala la nguvu. Wa mbele angekuwa ametanguliza kichwa, ningekuambia tujaribu. Hivi walivyokaa, ushauri wangu ni upasuaji. Uamuzi ni wako."

Tukapanga upasuaji uwe Alhamisi, wiki ya tatu kutoka siku ile.

Nikarudi nyumbani nikakazana kumgeuza mtoto. Jirani aliniambia nipige magoti nipanguse sakafu, tumbo likining'inia, atageuka. Nilipangusa sakafu mpaka saruji ikang'aa. Otim akirudi kazini alipiga magoti kando yangu na magwanda yake, akashika kitambaa, akapaza sauti: "Apio! Nyuma... geuka!" Apio alimjibu kwa teke. Tulicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli, kwa sababu niliogopa. Niliogopa kufa nimwache Rahma. Na nitasema ukweli wote: niliogopa pia kuitwa lile neno nililowaita wenzangu.

Jumanne, siku mbili kabla, uchungu ulinianza asubuhi. Otim alikuwa kazini. Badala ya kwenda hospitali, nilibeba begi langu nikaja hapa, nikishika kuta za maduka njia nzima. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: nikifika uchungu umekolea, Hajati hatanifukuza. Nilipofika nikamdanganya. Nilisema daktari ameruhusu nijaribu.

Hajati alinawa mikono, akanilaza, akapapasa tumbo. Kisha akasimama.

"Zaitun, huyu mutoto bado nakaa. Wewe nadanganya mimi?"

"Hajati, nisaidie. Rahma ulimpokea wewe. Nitasukuma vizuri, naapa."

"Hapana. Hapa mimi hapana zalisha wewe."

"Unanifukuza?"

Nilimpigia kelele, akina mama. Nilimwita mwoga. Aliniacha nimalize, akakaa kitandani, akaweka mikono yake miwili mapajani mwangu. Haya aliyoyasema ameniruhusu niyarudie.

"Angalia hii mikono. Ilishika mutoto kama huyu, zamani, mimi ningali musichana kwa kazi. Mwili ikatoka yote. Kichwa ikabaki. Mimi navuta, mama yake naita jina yangu, naita, naita. Mutoto akafia hapa." Akanionyesha viganja. "Wewe mimi napenda sana. Ndiyo sababu nakataa wewe."

Nilimwona Hajati akilia, huyu mwenye ulimi mkali mnaomjua nyote. Basi majivuno yangu yakaisha palepale. Nikasema, "Kale, Hajati, nimekubali. Twende."

Alifunga kliniki, akakodi teksi, akampigia Otim simu. Njia nzima alinishika mkono na kumgombeza dereva kwa kila shimo. Hospitalini karatasi ya kukubali upasuaji niliitia sahihi mwenyewe. Otim alifika akihema, jasho limelowesha magwanda, akanibusu mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena hadi leo.

Sindano ya ganzi ilipigwa mgongoni. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwavutwa, kama mtu anatafuta ufunguo ndani ya mkoba. Apio akatoka matako mbele. "Huyu hakutaka kabisa kuinama," daktari akasema. Acen akafuata, na vilio vikawa viwili.

Nikadhani yameisha. Mji wa mimba, uliochoka kubeba wawili, ukakataa kukaza. Damu ikaendelea. Nikasikia baridi, meno yakagongana, sauti zikawa mbali. Nilimsikia daktari akiagiza damu haraka, na nikawa nataja jina la Rahma, tena na tena, ili nisilale. Walinitia dawa, wakanitia damu ya watu nisiowajua, na ile iliyokuwa ikinitoka ikakata. Baadaye daktari aliniambia, "Mama Apio, ulitutisha." Kama ningekuwa nyuma ya pazia lile, hiyo damu ingetoka wapi?

Kupona hakukuwa lelemama. Siku mbili wauguzi waliniuliza kila saa kama nimejamba, ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka, na nilipojamba walishangilia kama harusi. Nikicheka kidonda kiliuma kama kinachanika, kwa hiyo Otim alipigwa marufuku kuongea. Wiki ya pili kidonda kilitoa usaha, nikarudi kikasafishwa, nikanywa dawa hadi mwisho. Miezi mitatu ndipo nilipokaa tena kwenye cherehani.

Jirani mmoja alikuja kuniona, akasema, "Kumbe walikutoa?" Nikampakatisha Apio. Akaanza kumbembeleza.

Nawaomba hivi. Daktari akikuambia jinsi watoto walivyokaa, muulize mpaka uelewe, muulize na siku ikifika mapema ufanye nini. Usimdanganye mkunga wako. Na akikukataa, usimtukane kama mimi. Mungu namshukuru, na daktari, na waliotoa damu, na Otim, aliyejifunza kufua nepi za wawili.

Siku niliporudi nyumbani Hajati alikuja kuwaogesha. Acen alimwogesha haraka, akimtania. Zamu ya Apio ilipofika, aliacha utani. Sijawahi kumwona hivyo. Akamshusha kwenye beseni polepole, matako kwanza, kisha akakipokea kichwa kwa kiganja na kukaa hivyo hivyo, maji yakaanza kupoa.

"Hajati, mtoto atashikwa na baridi," nikamwambia.

Hakunitazama. Alikuwa anamwambia Apio, au labda anamwambia yule wa zamani, "Kichwa ndiyo hii. Ndiyo hii, mutoto yangu."