Mtoto Aliyesikia Ganda la Haragwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya kata ya Kanoni, akina mama walinicheka. Hawakuwa wamezoea kumwona mwanaume kliniki ya watoto. Muuguzi Kiongozi, mama mrefu mwenye sauti ya chini, aliwaacha wacheke wamalize, kisha akanikabidhi mizani ya kuning'iniza na kaptula anayovalishwa mtoto kabla ya kutundikwa.

"Unapima mtoto," akaniambia. "Mama humpimi. Nisikusikie unamgombeza mtu hapa."

Kazi ilikuwa hiyo: kupima uzito, kuweka nukta kwenye kadi ya kliniki, kuchanja. Nukta zikipanda, mama anaruhusiwa kurudi kibanjani kwake, kwenye migomba na kahawa. Ilitupasa pia kuuliza mtoto ameanza lini kukaa, kutembea na kusema. Tuliuliza kwa haraka au hatukuuliza kabisa, maana foleni ilifika barabarani.

Kituo changu cha pili sitakitaja. Huko mama mmoja aliniletea mtoto wa kiume wa karibu miaka miwili, uzito wake mzuri kabisa.

"Dokta," akasema, maana sisi wauguzi wote walituita dokta, "mwanangu haniangalii."

"Watoto wa kiume huchelewa, mama. Hata mimi nilichelewa kusema. Subiri tu."

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye gulioni. Alikuwa amemfunga mwanawe kipande cha kitenge mkononi na kushika ncha ya pili, asije akakimbilia magari. Alinisalimia vizuri. Nilipomuuliza habari za mtoto, alinitazama.

"Uliniambia nisubiri," akasema bila hasira. "Nikasubiri."

Nilirudi nyumbani bila kununua chochote.

Nilimalizia utumishi wangu Mabira, wilayani Kyerwa. Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, alikuwa dada wa umri wa binti yangu. Siku moja alirudi kutoka semina na dodoso, orodha ya maswali anayoulizwa mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Anakuangalia usoni? Anaitika jina lake? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anakuletea kitu ili nawe ukione?

"Shikamoo mzee. Keti, nikueleze," akasema. "Hali hii inaitwa usonji. Mtoto anazaliwa nayo. Ubongo wake unaupokea ulimwengu kwa namna yake. Tukimtambua mapema, tunaanza kumsaidia angali mdogo, kabla hajapoteza miaka."

Nilisoma maswali yale mara tatu. Yule mama wa gulioni alikuwa amenijibu moja kabla sijamuuliza.

Kati ya watoto tuliowapima kwa dodoso hilo, wa kwanza kunitetemesha alikuwa Furaha. Waliteremka kwenye bodaboda, yeye, mama yake Devota, na bibi yake, mwanamke mdogo wa umbo, wa asili ya Burundi, ambaye Kiswahili alikisema kwa kuhesabu maneno.

"Mwanangu ni kiziwi," Devota akasema. "Tumemwombea kanisani hadi tumechoka."

Nilimwita Furaha kwa jina. Kimya. Nikapiga makofi nyuma yake. Hakugeuka. Nikamwonyesha kwa kidole picha ya ng'ombe ukutani, hakufuata kidole. Nilikuwa nimeshaanza kuandika "hasikii" bibi aliposimama.

"Usiandike," akasema. "Huyu anasikia kuliko mimi."

"Bibi, tumempigia makofi."

"Makofi ni yako. Ngoja."

Mganga Mfawidhi akanishika bega. "Mzee, tumwache bibi atuonyeshe."

Bibi akafungua pindo la kitenge chake, akatoa maganda makavu ya maharage aliyoyabeba makusudi toka nyumbani. Akatoka nje, akajibanza nyuma ya ukuta, akapasua ganda moja kwa vidole. Mlio ule mimi niliusikia kwa kukisia. Furaha akainuka, akapita katikati yetu kana kwamba hatupo, akatoka mlangoni, akaketi miguuni pa bibi yake na kufungua viganja viwili kupokea maharage.

Nikalikata neno nililokuwa nimeanza kuandika.

Tulimwandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Huko walimpima masikio wakayakuta mazima, na daktari bingwa akathibitisha usonji. Devota alirudi akilia.

"Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea," Mganga Mfawidhi akamjibu. "Amezaliwa hivi. Sasa tunaanza."

Aliyeanza ni bibi. Kila siku alikaa na Furaha mkekani, akashika ganda usawa wa macho yake mwenyewe, akangoja. Mtoto akimtazama tu, hata kwa kupepesa, bibi analipasua. Mganga Mfawidhi alipomtembelea pamoja nami alisimama muda mrefu akiangalia, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, hiki ndicho tulichokwenda kufundishwa semina."

Sasa nimestaafu, nahudumia kahawa yangu. Furaha ana maneno machache, na huenda yasiwe mengi kamwe. Wauguzi vijana wakinitembelea huwaambia: mama akisema mtoto hamwangalii, mwamini siku hiyo hiyo, uliza maswali yote, mwandikie rufaa. Nimepokea watoto wengi wakizaliwa kwa mikono hii na sikuwahi kuzoea kilio cha kwanza. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote nilikiona wiki yangu ya mwisho kazini.

Nilikuwa najaza kadi ya Furaha. Akanivuta mkono wa koti. Nje, jogoo wa jirani alikuwa amepanda juu ya benchi la akina mama. Furaha akanyoosha kidole. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi usoni, akamtazama tena jogoo, ahakikishe nimemwona.

Bibi yake alifunika mdomo kwa kitenge. Mimi niliweka kalamu chini, nikashika kile kidole kidogo, tukatoka wote kwenda kumtazama jogoo.