Mgeni Mbele ya Mlango wa Kijani

Jirani yangu mchoraji hufungua karakana yake kila Jumamosi, aingie atakaye, na chumba cha juu hukipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu. Kabla ya kugusa mashuka meupe huosha mikono hadi viwikoni, kisha huinyoosha dirishani akague kucha kama zimebaki na rangi, huku akinung'unika, "Hii buluu nayo ina kiburi." Mgeni akimwita wakati watazamaji wamejaa, huibana brashi kwa meno, hupanda ngazi mbio, na hurudi akihema na kucheka.

Jumamosi iliyopita nilimkuta ngazini, amekumbatia foronya, ametulia tuli. Chini, mgeni wake, bibi mmoja aliyekuwa amekaa siku mbili bila kuzungumza na mtu, alisimama mbele ya picha ya mlango wa kijani, akiwaeleza watazamaji kwa sauti ya mwenye nyumba: "Huu ni mlango wa kwetu. Mama alikuwa akikaa hapa, kwenye hiki kivuli, akichambua mchele." Mlango ule ni wa stoo ya jirani yangu, alihangaika kuuchora miezi mitatu. Nikamnong'oneza, "Si ukamsahihishe?" Akanibana mkono. "Hebu niache kwanza nimsikie huyo mama." Mtazamaji mmoja akainua macho, akamuuliza jirani yangu kama yeye ndiye mchoraji. "Mimi? Mimi ni wa mashuka, baba," akajibu, akaketi palepale ngazini, foronya mapajani, asikilize vizuri.