Kitanda cha Ponda Mali

Mimi sishangazwi na kitu. Nimeona trekta likizama kwenye matope mpaka likabaki bomba la moshi peke yake. Nimeona Mzungu mzima akilia kwa sababu ya mbwa. Nimeona mtu ambaye tulishamlia matanga akirudi mjini na kuulizia mshahara wake. Shule nilisoma miaka miwili, na huo wa pili nilikuwa nikichunga ng'ombe wa mwalimu, lakini leo nina karakana ya mashine nne na nyumba mbili za mawe, na watu waliosoma wananiita bwana. Kwa hiyo haya ninayoandika msidhani yanatoka kwa mwoga.

Ni juu ya ule msemo, ponda mali, kufa kwaja. Vijana wa Nakuru wanausema kama walizaliwa nao. Pwani una wenyewe tangu zamani, hilo sikatai. Lakini hapa kwetu niliuleta mimi, miaka ya hamsini, na anayetaka kubisha aje karakanani.

Mimi niliupata kwa mpaka rangi wa Pwani tuliyepanga naye chumba kimoja. Alikuwa akipaka mabehewa ya reli. Siku ya mshahara alinunua nyama na mchele, akapika, akaita majirani, na kabla ya kutia mkono kwenye sinia alisema maneno hayo kama wengine wanavyoomba baraka. Nilimuuliza maana yake. Akasema, "Kifo kiko njiani, fundi, na hakijatuma barua kusema kimefika wapi. Wewe unamwekea nani?"

Nilipofungua karakana yangu ya kwanza, kibanda cha mabati nyuma ya soko, nilimwomba ayaandike kwenye kibao juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Mtu alisoma, akacheka, akaingia, na akishaingia kwangu hatoki bila kuagiza hata kigoda. Madereva wa malori ya mbao kutoka Elburgon waliyaona, wakayaandika nyuma ya malori yao. Kutoka kwa madereva yakafika kilabuni. Huko yakapata desturi yake: mmoja anainua kopo la pombe na kuita, "Ponda mali!" na kilabu kizima kinajibu, "Kufa kwaja!" Halafu aliyeita ananunua.

Miaka yenyewe iliyafaa. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Asubuhi unaongea na jirani, mchana lori la askari limepita, jioni mlango wake uko wazi na kuku wanatembea ndani. Kilabuni watu walipojibu kufa kwaja, wengine hawakuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nauza vitanda. Nilicheka.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Subukia. Alikuwa mtumishi wa nyumba kwenye shamba moja la Mzungu, mrefu, mkavu, na kikohozi chake kilitangulia kuingia kabla yake. Alisimama chini ya kibao changu akakisoma herufi kwa herufi.

"Hayo maneno ni ya kweli?" akauliza.

"Ni ya kweli, mzee. Unataka meza?"

"Nataka kitanda. Cha mbao, chenye ubao mpana kichwani, kama cha bwana. Nimetandika kitanda cha bwana miaka ishirini na saba, na sijui kikoje ukikilalia."

"Hata siku moja, bwana akiwa safari?"

"Wee! Na memsahibu ananusa shuka?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wengine raha yao ni pombe, wengine nyama. Mimi raha yangu ni kulala juu ya mbao kabla hawajanilaza ndani ya mbao. Na hayo maneno yako uyaandike hapo kichwani. Nataka kabla ya baridi ya Julai."

Akafungua kitambaa akanilipa shilingi tisini, zote, siku hiyo hiyo. Ilikuwa Aprili.

Sasa niseme ukweli. Kuchonga herufi nilikuwa siwezi. Nilinakili zile za mlangoni kwa penseli, nikazifuata kwa chuma butu na nyundo, nikigonga, mpaka zikaingia ndani ya ubao. Ubao ulikuwa wa podo, mbao laini, ukapokea vizuri. Kitanda kilikwisha katikati ya Mei, na sijawahi kutengeneza kingine kama kile. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikiweka mbele ya karakana, wapita njia wakione. Wateja walikuja kwa sababu ya kile kitanda. Nikasema kikae wiki moja zaidi. Halafu nyingine.

Mzee alikuja na lori la maziwa kila Jumamosi, saa nne.

"Fundi, naona kimekwisha."

"Bado, mzee. Vanishi haijakauka."

"Jumamosi iliyopita ulisema hivyo."

"Hii ni vanishi ya Kizungu. Haina haraka kama sisi."

Alicheka kwa adabu. Siku moja, ya mwisho, aliomba akijaribu kidogo tu, alale kama hesabu ya kumi kisha aamke. Alikuwa ameshavua kofia. Palikuwa na mteja mnene wa hoteli ananisubiri, na mimi nikamwambia, "Utaniharibia rangi, mzee. Kesho kutwa nitakuletea mwenyewe." Vanishi ilikuwa imekauka mwezi mzima. Akavaa kofia yake akaondoka.

Julai baridi ilishuka kama kawaida yake. Dereva wa lori la maziwa akalisimamisha mlangoni akanena bila kuteremka: "Yule mzee wako wa kitanda tulimzika Jumatano. Kifua."

Nilingoja mtu aje kudai. Hakuja mtu. Mwezi ukapita, nikajiambia mwenye mali hayupo, na mali haijui kulia. Nikachukua randa nikayafuta yale maneno. Upande wa kushoto randa ilikula mpaka chini kabisa. Upande wa kulia palikuwa na fundo, randa ikawa inarukaruka, nikapitisha kidogo nikaacha, kwa maana macho hayakuona kitu tena. Nikapaka vanishi nyepesi, nikakiuza kwa karani mmoja aliyekuwa anaoa.

Kiangazi kilichofuata mnakumbuka lile vumbi jeupe lililoinuka ufukweni mwa ziwa na kuingia mpaka ndani ya sukari. Mke wa karani alikuwa mwanamke msafi. Kila asubuhi alifuta kitanda kwa kitambaa kibichi. Siku moja karani alikuja na mkokoteni, na kitanda juu yake.

"Bwana fundi, wewe ni fundi au ni mganga?"

"Kuna nini?"

"Mke wangu amerudi kwao. Anasema kuna mtu anamwandikia kitandani. Papasa hapa."

Nilipapasa. Upande wa kulia herufi zilikuwa zimeinuka kutoka ndani ya ubao, si shimo tena bali nundu, kama kovu la mtu aliyechomwa. KUFA KWAJA. Upande wa kushoto palikuwa laini.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Si ndiyo biashara yake? Hata mlangoni ameandika!" Wakacheka. Nilimrudishia karani fedha zake bila kubishana, jambo ambalo walionijua walikuwa hawajaliona.

Sababu ninaijua. Mbao laini ukiigonga hulala tu, haifi. Ukiiparura juu halafu ukainywesha maji, ile iliyolala huamka. Fundi yeyote wa podo anajua hilo, na mimi nililijua. Nilipiga randa tena, nikapitisha kitambaa kibichi, nikakaa nikitazama. Ziliinuka tena, hafifu, K ikitangulia. Sababu nilikuwa nayo mkononi na nywele zilinisimama.

Kutoka hapo wafanyakazi wangu hawakula tena chakula wakiwa wamekalia kitanda kile, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewaambia. Kila Jumamosi saa nne, lori la maziwa lilipozima injini upande wa soko, nilisikia kikohozi mlangoni. Nikigeuka, ni mlango tu. Kilabuni mtu akiita ponda mali, mimi nilitoka nje kabla hawajajibu. Nilimwambia mpaka rangi aje akifute kibao changu. Akafuta, lakini jua likipiga upande, maneno yalisomeka chini ya rangi mpya.

Mwishowe nilikodi lori nikakipeleka Subukia. Niliulizia nyumba ya marehemu kwenye safu ya vibanda vya wafanyakazi, nikaonyeshwa. Mjane wake alikuwa anapeta maharagwe nje. Alinitazama, akatazama lori.

"Wewe ndiye fundi."

"Ndimi, mama. Nimeleta kitanda cha mzee."

Aliendelea kupeta. "Kimekauka?"

Nikakishusha na dereva, tukakiweka pale uani. Kuku wakapita chini yake.

"Alikuwa akirudi jioni ananieleza," akasema. "Leo wamepaka. Leo kinang'aa. Leo kuna mtu alikuwa anakitazama. Akalala chini hapo, kwenye ngozi, ananieleza juu ya kitanda. Sasa nikilalie mimi? Nitamwambia nini?"

"Basi mama, nifanye nini?"

"Kirudishe kwako. Ukilalie wewe, ukitaka. Mimi nipe tisini zake."

Nikatoa mkoba. Akainua mkono.

"Na nauli. Kwenda na kurudi ilikuwa senti sabini na tano. Alikwenda Jumamosi kumi na moja."

Nilidhani alikuja mara nne, labda tano. Sikubisha. Hapakuwa na meza, kwa hiyo nilizihesabia juu ya mbao za kitanda chenyewe, naye akizirudia kwa sauti nyuma yangu moja moja, mpaka zikatimia shilingi tisini na nane na senti ishirini na tano.