Baraka Iliyoharibu Shati la Meneja

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Balangdalalu, maana wao wanaongeza chumvi.

Mimi ni mtunza stoo katika shamba la ngano la serikali, Hanang. Juzi tulipata wageni wawili walioungana kutengeneza mvinyo, mzee mmoja Mwitaliano na mkulima wa zabibu wa Dodoma. Walitaka kujaribu mizabibu pembeni ya ngano yetu, na meneja alishaniambia kwamba msimamizi wa jaribio hilo ningekuwa mimi.

Mwitaliano akafungua chupa ya kwao na chupa ya Dodoma. Akapiga funda, akafumba macho, akalizungusha mdomoni, kisha akatema kwenye ndoo. Mwenzake naye akatema. Nikafurahi moyoni, kumbe hata Ulaya wanajua. Kwetu Dirma, jambo kubwa likianza, mzee hupiga funda la pombe ya asali akampulizia anayembariki. Nilisikitika tu kuona baraka yote inaishia kwenye ndoo.

Basi nilipopewa glasi, nikamwomba meneja asogee karibu. Nikajaza mashavu, nikampulizia kuanzia tai hadi mkanda, nikasema, "Mungu aubariki ushirika huu."

Shati lake lilikuwa jeupe, na jipya.

Mwitaliano akamnong'oneza mwenzake. Yule wa Dodoma akanigeukia kwa upole. "Ndugu, sisi tunatema ili tusilewe tukiwa bado tunaonja. Sasa mzee anauliza, mvinyo wake ni mbaya kiasi cha kumtemea bosi wako?"