Mlango wa Mama Riziki

Nilipokuwa mtoto, wenzangu wa Bweremana waliamini kwamba nakunywa damu. Kilichoniponza ni adabu. Mama yangu, kabla vita havijatutenganisha kule Walikale, alinifundisha kwamba kwa watu unasimama mlangoni hadi uambiwe ingia. Nikahamia Bweremana kwa shangazi, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na adabu yangu hiyo.

Ndipo watoto wakaona, kwenye chumba cha video, filamu ya msichana mnyonya damu, mpweke, asiyeweza kuingia kwa mtu bila kukaribishwa. Kesho yake nikasimama kwa jirani kama kawaida yangu. Nikafungiwa mlango, na wengine wakafuata. Watu wazima nao walikuwa na habari zao za wanaokula wenzao, kwa hiyo hakuna aliyewakanya watoto. Upweke ulinizidi nikawa naongea na mbuzi wa shangazi. Leo nacheka, wakati ule mbuzi ndiye aliyekuwa mtu wangu.

Ni Riziki tu, mtoto wa rika langu, aliyenikaribisha. Alikuwa mgonjwa tangu azaliwe. Damu ilimpungua, akapelekwa hospitali ya Kirotshe kuongezewa, ikapungua tena. Watu wakaunganisha mambo, na mama yake akanipiga marufuku. Riziki alingoja mama aende kuvuna maharagwe, kisha akafungua.

“Riziki, miye sikunywaka damu ya batu,” nilimwambia siku moja, machozi yakinitoka.

Akatabasamu kama anayemsamehe mwongo. “Hata kama. Kunywa kidogo kidogo tu. Ule wa mu filme alikunywa yote mara moja, njo maana alibakia peke yake.”

Akaninyooshea mkono. Ulikuwa mwembamba, wa baridi. Niliushika tu, tukakaa hivyo mpaka tukamsikia mama yake akipanda njia.

Alikufa wakati wa mvua. Kwenye matanga shangazi aliingia, mimi nikabaki mlangoni. Mama Riziki akasema bila kunitazama:

“Mutoto aliniomba, ukifika, nikuambie uingie. Basi, ingia.”

Nikaingia, nikakaa karibu na mlango, na hakuna aliyenisogelea.

Sasa nina nyumba yangu, na wapo wanaonipenda. Lakini hao wote wanajua kwamba sina madhara. Riziki aliamini kwamba namuua, na bado alinifungulia. Inaniuma kwamba alikufa bila kuniamini. Na tangu hapo sijapendwa vile tena.